Yule Kipofu Wamemrudisha

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi, mbele ya duka la kinyozi, pale barabara inapokata kona kuelekea sokoni. Mimi ndiye ninayeuza kahawa hapo. Wananiita Mama Birika, na kwa kuwa birika hilo ndilo lililosomesha wanangu, jina silikatai. Wateja wa kudumu walikuwa wanne. Wembe, kinyozi mwenyewe, humnyoa mtu nusu kichwa akatoka nje kuchangia hoja, mteja amebaki ndani na shuka shingoni. Gia ni dereva wa lori aliyestaafu. Kila nchi utakayoitaja, yeye alishalala huko. Wakili maisha yake yote alisimama mlangoni mwa mahakama akiita majina ya washtakiwa, na kwa kusikia kesi nyingi akaona na yeye kasomea. Wa nne alikuwa Mshale, fundi saa. Kibanda chake cha bati kilikuwa ng'ambo ya barabara, tunamwona muda wote ameinamisha kichwa, lenzi imebanwa jichoni. Alikuwa mtu wa maneno machache: anakuja, anakunywa, anacheka ya wenzake, anarudi kazini. Raha yake ilikuwa sarafu za zamani. Tulijua anazo kama unavyojua jirani anafuga njiwa na wewe hujawahi kupanda kuwaona.

Kibanda chake hakikuwa na umeme, kwa hiyo simu yake alikuwa anaichajia kwa Wembe. Siku moja Wembe akatoka na simu ile mkononi, amepunguza sauti kama mtu anayeleta habari za msiba.

— Simu ya Mshale imeingia ujumbe wa sauti. Kidole kimeteleza, nimeusikia.

— Kidole chako kinateleza sana, nikamwambia.

— Mama Birika, wewe mimina. Sikilizeni hii.

Akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamume mtu mzima, mtulivu, anayeongea kama anaagiza sukari dukani.

"Fundi, habari za kazi. Sasa, yule kipofu wamemrudisha. Yuko kwenye mfuko wa maiti, wanasema alishaoshwa. Lakini yule bikira ameingia jeneza bila shida yoyote. Huyo mbichi uliye naye, nakuomba usimguse, usimwoshe kabisa. Mteja anamtaka na uchafu wake."

Hakuna aliyenyanyua kikombe.

— Rudia, Gia akasema.

Akarudia. Ng'ambo ya barabara Mshale alikuwa ameinama vilevile, anapuliza vumbi kwenye tumbo la saa.

— Labda ni mambo ya sarafu zake, nikasema.

Wakili akanitazama kwa huruma.

— Mama Birika, wewe umesikia Kiswahili au umesikia kelele? Sarafu ni "ile". Sarafu ni "hii". Huyu bwana kasema "yule". Kasema "wamemrudisha", "ameingia", "usimwoshe". Hakuna mtu duniani anayesema "usimwoshe" akimaanisha kitu kisicho na roho. Mimi nimesikiliza ushahidi maisha yangu yote, mtu hunaswa kwenye maneno madogo kama hayo.

— Kipofu, bikira, na mbichi, Wembe akasema taratibu. Watu watatu.

— Mbichi maana yake bado hai, Gia akasema.

— Au amekufa juzi, Wembe akasema.

— Wembe kasema kweli, Wakili akadakia. Nyama haiitwi mbichi mpaka ichinjwe.

Gia akavuta kikombe chake karibu. Akasema zamani alipokuwa anaendesha lori, kulikuwa na mji mmoja ambako maiti zilikuwa zinasafirishwa ndani ya matenki ya maji, na waliokuwa wanazinunua walikuwa hawataki zilizopita mochwari, kwa sababu mochwari wanaosha.

— Wanazinunua za nini? nikauliza.

— Hilo hatukuwa tunauliza. Dereva analipwa aendeshe.

— Na kipofu wamemrudisha kwa nini?

— Ni macho, Mama Birika. Wanataka macho. Kipofu atawafaa nini?

Wembe akageuka kumtazama Mshale, ile lenzi ikimeta jichoni.

— Jamani. Mtu huyu kutwa nzima anashughulika na macho.

— Nyinyi saa zenu nani alizitengeneza? Gia akauliza. Yangu aliitengeneza yeye. Nimeivaa miaka, haijawahi kusimama hata mara moja. Saa ya kawaida husimama, bwana. Hii inapata nguvu wapi?

Nilicheka. Wao hawakucheka. Wembe akaitazama saa yake mwenyewe, akaivua, akaitia mfukoni.

Mshale alipovuka barabara kuja kuchukua simu, benchi zima likaanza kuongea habari za mvua. Akapewa simu, akausikiliza ujumbe sikioni, akatabasamu kidogo, kisha uso ukamnyong'onyea.

— Habari mbaya? Wakili akauliza.

— Nusu mbaya, nusu nzuri. Kipofu wangu wamemkataa.

Alilisema hivyo hivyo, wazi, akaomba kahawa.

*

Kesho yake Wakili alishindwa kuvumilia. Alijikohoza kwanza.

— Mshale, nikuulize kitu kwa nia njema. Mtu akisema jeneza, katika shughuli zako, ana maana gani?

Mshale akaanza kucheka.

— Umelisikia wapi hilo?

— Limepita tu.

— Jeneza ni kiboksi cha plastiki. Sarafu unaipeleka kwa wataalamu, wanaipima, wanaichungulia, wakiridhika kuwa ni ya kweli na haijachezewa, wanaifungia humo moja kwa moja. Unaiona, huwezi kuigusa tena. Ndiyo tunasema ameingia jeneza.

— Na wasiporidhika?

— Wanakurudishia kwenye kifuko cha nailoni. Hicho ndicho mfuko wa maiti. Msinione nacheka, mimi nimezika wengi.

Akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaifungua juu ya goti. Ndani kulikuwa na sarafu nyeusi kama masizi ya taa ya mafuta.

— Huyu ni mbichi. Maana yake bado hajafungiwa. Na hii rangi nyeusi ndiyo umri wake. Ukimsugua akang'aa, utamfurahia siku moja tu, kisha hana thamani tena. Ndiyo kuoshwa. Kipofu ni yule ambaye mwaka wake umefutika kwa kushikwashikwa, huwezi kusoma alizaliwa lini. Bikira ametoka kiwandani na hajawahi kununua hata kiberiti.

— Lakini mbona unasema "huyu"? Wakili akamkatiza. Sarafu ni "hii".

Mshale akafikiri.

— Sijui, Wakili. Kwenye kundi letu la simu sote tunasema hivyo. Nadhani ukikaa na kitu muda mrefu, unaona aibu kukiita kitu.

Sikuwahi kumsikia akiongea kirefu namna ile. Kahawa yake ilipoa hajaionja. Miaka yote aliyokaa kwenye ubao ule, ile ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza habari za sarafu zake, na furaha ilimjaa usoni kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa asome. Aliikunja karatasi yake taratibu.

— Kesho nitawaletea wengine muwaone, akasema, akavuka barabara.

Walisubiri mpaka akaketi na kubana lenzi yake.

— Mmeona? Wembe akasema.

— Nimeona, Gia akajibu.

— Mimi nimeelewa, nikasema. Kaeleza vizuri.

— Kaeleza vizuri mno, Wakili akasema. Hapo ndipo penyewe. Kila swali ana jibu, hajakwama hata mahali pamoja. Shahidi asiyebabaika ni shahidi aliyefundishwa.

— Angebabaika ungesemaje?

— Ningesema ana hatia. Lakini kidogo.

— Na hiyo ya "nitawaletea wengine", Gia akasema. Anataka kutuzoesha. Leo unashika sarafu, kesho unashika kifuko, keshokutwa unajikuta umesaidia kubeba usichokijua.

— "Nimezika wengi." Mmesikia? Kasema mwenyewe, kwa mdomo wake.

— Alikuwa anatania, nikasema.

— Mama Birika, mtu anatania kitu alichokizoea.

Kesho yake Mshale alikuja kweli na sarafu zake, kazifunga kwenye kitambaa laini cha kufutia saa. Wembe alikuwa na mteja, kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutoka nje. Gia mguu ulikuwa unamsumbua, akaenda kuunyoosha upande wa pili. Wakili alikuwa anasoma gazeti, na alilisoma mpaka matangazo ya viwanja. Mshale akanionyesha mimi. Nikaangalia moja, nikasema nzuri, nikaenda kummiminia mpita njia.

Maneno yalitoka dukani kwa Wembe na nywele za watu. Mtu aliingia kunyoa, akatoka anajua. Kila aliyeyapokea aliyaongezea yake: kibanda kina shimo chini, saa za marehemu ndizo anazouza, mkewe hajazaa kwa sababu ya masharti aliyopewa. Nikaanza kuona watu wanakwenda kibandani kudai saa zao, zikiwa zimetengenezwa au hazijatengenezwa. Mama mmoja aliichukua yake ikiwa vipande vipande, akavifunga kwenye leso.

— Kazi imepoa kidogo, Mshale aliniambia siku moja, akinywa kahawa amesimama.

— Itarudi, nikasema.

— Sijui nimemkosea nani.

Wenzake walikuwa pale pale, magoti yamegusana. Gia akasema maisha yamekuwa magumu kila mahali.

*

Halafu mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma hakurudi kutoka shule.

Mama yake alikuja kijiweni mchana, jua kali, sindano bado zimechomwa kwenye kola ya gauni. Alikuwa anauliza kila mtu: msichana mdogo, sare ya shule, begi la bluu. Nilimwambia sikumwona. Akawageukia wanaume. Wakatazamana wao kwa wao, kisha macho yao yakavuka barabara, yakatulia.

— Mnajua nini? yule mama akauliza.

— Hatujui kitu, Wakili akasema.

— Mbona mnatazama kule?

— Mama, Gia akasema, hatutaki kukutia hofu.

Hakuhitaji zaidi ya hapo. Wembe akasema tu, kwa sauti ya chini, kwamba yeye aliwahi kusikia ujumbe fulani, na katika ujumbe huo walikuwa wanataka aliye mbichi. Mama yule alipiga ukelele ambao sijausahau.

Watu hutoka wapi, sijui. Barabara ilikuwa tupu, ikajaa. Walimtoa Mshale kibandani kwa shati, lenzi ikamwanguka jichoni ikapasukia lami. Meza ikapinduliwa. Saa zikamwagika, vigurudumu vidogo vidogo, watu wakivikanyaga bila kujua wanakanyaga nini. Wakalipata boksi la sarafu chini ya kiti, wakalivunja. Mmoja akakiinua juu kiboksi cha plastiki na kupaza sauti kuwa hili hapa jeneza, na umati ukaitikia, ingawa kila mwenye macho aliona ni kitu kidogo kuliko kiberiti na ndani yake mna sarafu.

Mshale hakupiga kelele. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku anatafuta mtu, akatuona. Akanyoosha mkono kuelekea kwetu.

— Waulizeni wale pale, akasema. Niliwaeleza kila kitu. Wale wanajua.

Umati ukageuka. Mtu mwenye rungu akauliza:

— Nyinyi, mnamjua huyu?

Wakili alikuwa anaangalia ndani ya kikombe. Gia alikuwa anajifunga kamba ya kiatu. Wembe alikuwa ameshaingia dukani. Mimi nilikuwa nimesimama na birika mkononi, na mdomo ulikuwa wazi, na hakikutoka kitu.

Wakamgeukia tena Mshale. Katika kusukumana alishika fremu ya mlango wa kibanda asianguke, na mtu akaubamiza ule mlango wa bati mkono ukiwa pale. Mkono wa kulia. Akaubamiza tena. Hapo ndipo nilipomsikia Mshale.

Askari walipofika, walimbeba kwenye gari lao. Jua halijazama, yule msichana akaja anatembea na begi lake la bluu, kashikwa mkono na baba yake. Wazazi hawaishi pamoja, baba alikuwa amempitia shuleni, akamnunulia viatu, hakuona haja ya kumwambia mtu.

Watu walipomaliza kumtazama mtoto, wakaondoka mmoja mmoja. Walitembea polepole, kama waliokuwa wanapita tu.

*

Mke wa Mshale alikuja asubuhi iliyofuata na ufagio na mfuko wa unga mtupu. Alifagia vipande vya saa, akavichambua kwa vidole, akatia mfukoni vile alivyoona vinafaa. Sarafu hazikuwepo hata moja. Alipomaliza akavuka barabara, akasimama mbele ya benchi.

— Shemeji, pole sana, Gia akasema.

Aliwapitia mmoja mmoja kwa macho.

— Wewe ndiye Gia. Wewe Wakili. Huyu kinyozi, Wembe. Na wewe dada ndiye Mama Birika.

— Ndiyo, nikasema.

— Kila jioni alikuwa ananihadithia mliyosema hapa. Anaiga na sauti zenu, anacheka mpaka chakula kinapoa. Nilikuwa natamani siku moja nije niwaone.

Akajitwisha mfuko wake, vipande vikagongana ndani kama njugu, akaenda. Nilimwita nimpe hata kahawa. Hakugeuka.

Walimtazama mpaka akakata kona. Halafu Wembe akasema:

— Mimi sikusema ni yeye. Nilisema nimesikia ujumbe.

— Uliucheza wewe, Wakili akasema.

— Na wewe ndiye uliyesema sarafu haiwezi kuwa "yule".

— Hiyo ni sarufi, bwana. Sarufi haijampiga mtu.

— Gia ndiye aliyeleta mambo ya macho.

— Nilikuwa nasimulia ya safarini. Sasa mtu asisimulie?

Waliendelea hivyo siku nyingi. Siku moja Wembe akatoa mfukoni sarafu, akasema aliiokota karibu na mtaro, akaisugua na majivu mpaka ikawaka, akampelekea sonara. Sonara kaigeuza mara moja tu, akamrudishia.

— Alisema imesuguliwa, haina kitu, Wembe akalalamika. Anadhani mimi mjinga.

Akairudisha mfukoni.

Kibanda kilipakwa rangi mpya, kikapangishwa kwa kijana anayeuza makava ya simu. Ni mtu mchangamfu, mwenye salamu. Baada ya kuizoea kona kidogo akavuka, akaomba kahawa, akauliza kama anaweza kukaa. Wakasogea wampe nafasi.

— Hapo palikuwa na fundi saa, Gia akamwambia. Mkasa mkubwa.

— Nimesikia juujuu. Ilikuwaje?

Wakamsimulia. Wakamsimulia vizuri, kwa zamu, kila mmoja akirekebisha palipomhusu. Ujumbe ulijicheza wenyewe. Umati ulitoka mtaa mwingine. Yule mama ndiye aliyeanza. Wakili akaeleza habari ya "yule" na "ile" kwa mifano, akasema hata mtu aliyesoma angekosea. Gia akasema pamoja na yote, yeye bado haelewi kwa nini mteja atake kitu na uchafu wake.

— Hapo pana jambo, Wembe akaunga mkono.

— Na kipofu, Wakili akasema. Ile ya mwaka kufutika sikuridhika nayo hata siku ile.

— Mimi nadhani kulikuwa na sarafu, na kulikuwa na kingine nyuma ya sarafu.

— Ndiyo. Sarafu ni pazia tu.

Wakapata moto tena. Mikono ikaanza kurushwa, vikombe vikasogezwa pembeni. Kijana alikuwa anawasikiliza wote, akimgeukia kila anayesema, kwa adabu, kama mtu anayengoja sehemu fulani ya hadithi ifike. Haikufika. Walipotulia kupumua, akauliza:

— Na mkono wake, ulipona?

Wembe akamtazama Gia. Gia akamtazama Wakili. Wakili akapeleka kikombe mdomoni, kumbe kitupu, akaendelea kukiinamisha hivyo hivyo.

— Anakaa wapi siku hizi? kijana akasema, akidhani swali la kwanza lilikuwa gumu.

Lori lilipita likashusha vumbi. Wakili akaninyooshea kikombe bila kunitazama.

— Mama Birika, niongezee.

— Imekwisha, nikamwambia.

Birika lilikuwa zaidi ya nusu, juu ya moto, na mvuke wake wote walikuwa wanauona. Hakuna aliyebisha.